"Shrink" kwa Kiswahili: uliza kwanza nini kimepungua, na kwa nini

Dada uliyeuliza kama "shrink" ni kunywea tu kama kamusi yako inavyosema, ukatoa sentensi ya shati lililopungua baada ya kufuliwa: hapana, na hili nalishikilia kwa sababu lilinigharimu.

Nilikuwa karani kwenye ghala moja hapa Tanga, tukipokea mahindi ya Handeni. Fomu zilikuwa za Kiingereza, mstari mmoja ukiitwa "shrinkage". Gunia liliingia na kilo 100, likatoka na 94. Nikaambiwa nimwandikie mtunza ghala kwa Kiswahili. Nikaandika "upotevu". Mzee akasoma, akavua kofia, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mimi mwizi?"

Mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 yakikauka hadi 13, kilo 100 hubaki kama 94. Ni maji yametoka, basi. Lakini madukani neno hilohilo hubeba mali iliyoibwa, iliyoharibika na iliyokosewa kuandikwa. Kiingereza kinafunika yote kwa shuka moja. Kwetu lazima uchague, na ukichagua vibaya umeshamhukumu mtu. Nilifuta, nikaandika "upungufu wa uzito kwa kukauka", nikamwomba mzee radhi mbele ya wote.

Nguo nayo ina neno lake. Mafundi cherehani wa Ngamiani niliokaa nao hawasemi kitambaa kimenywea, wanasema kimerudi. Nalipenda sana neno hili kwa sababu ndivyo inavyotokea: uzi wa pamba huvutwa wakati wa kufuma, ukiingia majini unalegea na kurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana fundi makini huloweka kitambaa cha pamba kama marekani na kukianika kabla hajatia mkasi.

Machungwa ya Muheza yaliyokaa sana husinyaa. Mtu mwenye hofu hujikunyata, na anayeogopa jambo husita au hurudi nyuma. Kunywea mwachie mgonjwa aliyekonda, au aliyekaripiwa mbele za watu akaishiwa maneno.

Kwenye filamu za Kimarekani "shrink" ni daktari wa magonjwa ya akili, lugha ya mtaani iliyofupishwa kutoka "mpunguza vichwa". Andika daktari wa akili, inatosha.

Sentensi yako ya shati ningeiandika hivi: "Shati limerudi baada ya kufuliwa, halinitoshi tena." Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaache, la sivyo msomaji atadhani limeletwa kutoka kwa dobi.