Fundi wa redio koli, tafuta mashine ya zamani ya minara ya simu

Jamani mafundi wa redio koli, kabla hujatoa hela ya servisi monita mpya, yaani mashine ya kupimia redio, hebu angalia kwanza mashine zilizokuwa zinapimia minara ya simu Marekani enzi za analogi. Mimi natumia HP 8921A na kwa kazi zangu imenitosha kabisa.

Iko hivi, mtandao wa AMPS, ule wa simu za mkononi za analogi uliowashwa Chicago mwaka 1983, ulikuwa unabeba sauti kwa FM ya kawaida tu, sawa na redio koli yako, kwa hiyo fundi wa mnara alihitaji jenereta ya kutengeneza mawimbi ya FM, kipima devieshen (frikwensi inayumba kiasi gani kwa sauti), pawa, frikwensi na sauti, vyote ndani ya boksi moja. Februari 2008 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ikaruhusu makampuni kuzima AMPS na mashine zikaanza kuuzwa kama mtumba. 8921A ni ndugu wa damu wa 8920A ambayo ni servisi monita yenyewe, inafika 1 GHz, yaani VHF na UHF za redio koli zote zimo.

Mimi naitumia zaidi kupima usikivu wa risiva. Natuma FM yenye toni ya 1 kHz, devieshen 3 kHz kwa chaneli pana au 1.5 kwa nyembamba, waya wa spika naurudisha kwenye mashine, halafu nashusha nguvu taratibu huku macho yako kwenye SINAD, kipimo cha sauti safi dhidi ya kelele, mpaka isome 12 dB. Redio nzima inafika hapo kwenye robo mikrovolti hivi, ikitaka mikrovolti mbili naanza kufungua, nakimbilia transista ya mwanzo kwenye njia ya antena.

Ila angalia matundu! RF IN/OUT ndiyo ya kupokea pawa ya redio, inavumilia wati 60. ANT IN ni ya mawimbi madogo ya hewani tu, ukibonyeza handheld ya wati 5 humo umeua mashine. Ya kwangu nimeifunika kwa plasta kabisa, vijana wa ofisini wasiguse.

Ukinunua kwa mtu wa mbali mwambie aunge kebo fupi toka DUPLEX OUT, tundu la kutolea mawimbi ya jenereta, hadi ANT IN, aweke toni ya 1 kHz na devieshen 3 kHz, nguvu ndogo, akupigie picha ya skrini. Ikisoma karibu na 3 kHz na frikwensi imetulia, jenereta na risiva ya mashine zote zinafanya kazi. Muulize pia kama ina spektramu analaiza, ile ya kuonyesha mawimbi kwenye skrini kwa frikwensi.