Jibu: Vikunjo vya ndani ya seli ya bakteria

Ndugu, umeuliza kama vile vikunjo vya utando kwenye picha za zamani za bakteria wa utumbo zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni ni kiungo halisi cha seli. Hapana. Viliitwa mesosomu, na vitabu vingine bado vinavichora, jambo linalosikitisha! Hutokea pale kemikali za kuhifadhi sampuli zinapovuruga utando. Seli zilizogandishwa kwa kasi kubwa huwa hazina.

Ukitaka kuona vizuri tando mbili za bakteria wa utumbo Escherichia coli na ukuta mwembamba uliopo kati yake, gandisha kwa kasi hivyo, weka kwenye resini (plastiki inayokuwa ngumu), kisha kata vipande vya unene wa nanomita 70 hivi. Mikia ya kuogelea na vinyweleo havihitaji kukatwa, kuvitia rangi kwa chumvi ya urani kunatosha kuvionyesha kwenye hadubini hiyo.