Usikatwe fizi kabla mfupa haujapimwa

Arbuni hiyo ya kliniki usiilipe. Umeuliza kati ya sindano ya kulegeza misuli ya mdomo (botoksi) na kukatwa fizi kwa leza ni kipi kinachomfaa mtu ambaye fizi zake huonekana mno anapocheka, gharama zikoje, maumivu hudumu kwa muda gani, na kama utakuwa umepona kabla ya harusi. Halafu ukagusia, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa kliniki imekuahidi kumaliza kazi kwa nusu saa bila hata kukupiga eksirei. Hapo ndipo moyo uliponilipuka, dada, kwa sababu nusu saa hiyo naijua.

Nami nilikatwa hivyo hivyo. Yule bwana, ambaye ukutani kwake vyeti vya mafunzo ya urembo vilikuwa vingi kuliko vya udaktari wa meno, alinionyesha picha za wateja waliotangulia, akapitisha leza, na kwa muda nikawa nacheka hata misibani. Kisha fizi zikaanza kurudi, tena si kwa usawa: jino moja la mbele lilibaki refu, jirani yake likafunikwa upya, na ukingo wa fizi ukawa mwekundu, umevimba, unatoka damu kila nilipopiga mswaki. Nilipomrudia alinijibu kwamba sisafishi kinywa vizuri. Mimi, niliyekuwa nikisugua meno kama sufuria lililounguza pilau!

Sababu nilikuja kuelezwa na daktari bingwa wa fizi, ambaye alinichoma ganzi, akapenyeza kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita hadi kikagusa mfupa. Ukingo wa fizi kwa kawaida hukaa takriban milimita 3 kutoka kwenye ukingo wa mfupa unaoshikilia jino. Fizi ikikatwa na mfupa ukaachwa karibu mno, mwili huirudisha ilipokuwa, au huiacha na uvimbe usiokwisha. Kwa mtu wa aina yangu, ambaye meno yake si mafupi ila yamefunikwa na fizi, na mfupa nao umeshuka mno, fizi hufunuliwa, mfupa hupunguzwa kidogo, kisha fizi hushonwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoilipia upya; fedha za kwanza nimezihesabu kuwa sadaka, ingawa sikuzitilia nia.

Sindano nayo ina mahali pake. Hulegeza misuli inayovuta mdomo wa juu, kwa hiyo humfaa mwenye meno ya urefu wa kutosha ambaye mdomo wake hupanda mno. Nguvu yake hudumu miezi 3 hadi 4 hivi, na hata ikikosewa, mdomo ukaenda upande, kosa hilo huisha pamoja na dawa. Fizi iliyokatwa vibaya haina huruma hiyo. Ikiwa taya la juu lenyewe ndilo lililorefuka, basi si sindano wala leza itakayolifupisha. Hilo ni la upasuaji wa taya, wa kulazwa usingizi.

Sasa nenda ukawaulize swali moja tu: mfupa wangu uko milimita ngapi kutoka kwenye ukingo wa fizi? Wakipima na kukuonyesha namba, jino kwa jino, wasikilize. Wakianza kukutajia punguzo la mwisho wa mwezi, chukua mkoba wako uondoke, na wakikupigia simu usipokee.