Kabla hujapiga Windows mpya kwenye mashine ya zamani

Januari 2020, wiki ileile ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7, mama mmoja mweka hazina wa kikoba aliniletea kompyuta yake ya mezani nimpigie Windows 10. Nilikuwa na miaka mitatu kwenye kazi hii na nilijiona nimeiva. Nikakopi Desktop, Documents na Pictures kwenye diski yangu ya eksteno, nikafomati, nikapiga Windows, nikarudisha mafaili, jioni akaja kuchukua mashine yake. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni.

"Mwanangu, daftari la kikoba silioni."

Daftari lilikuwa ndani ya kiprogramu cha hesabu alichowekewa na mpwa wake, na kiprogramu hicho kilitunza data zake kwenye folda yake chenyewe, moja kwa moja kwenye C. Sikuifungua hata kuitazama. Nilishinda siku mbili na programu za kufufua mafaili, nikapata vipande tu. Wanachama wakakaa Jumamosi mbili na vitabu vyao vya hisa, wakaandika upya michango na mikopo ya mwaka mzima.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu kazi za namna hii zimerudi kwa wingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma. Mashine hazikuzimika siku hiyo, zinawaka kama kawaida, ila hazipokei tena viraka vya usalama, na wenye nazo wanaona maonyo kwenye skrini wanaanza kuulizia mafundi. Wengi watawaletea mashine za miaka minane au kumi na ombi moja: "Niwekee mpya." Mkono utawasha kuchomeka flashi na kuanza. Uzuieni.

Kwanza mvutie mwenye mashine kiti. Usimuulize anataka ukopi nini, maana atakujibu "picha na mafaili yangu", na hilo ndilo jibu lililoniponza. Muulize kompyuta hii anaifanyia nini, kisha mwambie aiwashe mwenyewe na akufungulie kila kitu anachokitumia kwa mwezi. Atafungua hesabu za duka, atafungua barua pepe, atafungua mitihani ya wanafunzi, atafungua tovuti ambayo nywila yake hajaiandika popote kwa sababu brauza ndiyo inayoikumbuka. Kila anapofungua, wewe andika: programu gani, data iko wapi, printa ni ya aina gani. Inachukua nusu saa. Tangu nianze kufanya hivi, karibu kila mteja ananionyesha kitu kimoja ambacho nisingekigusa.

Ukishajua, kopi folda nzima ya Users, halafu pitia mzizi wa C, Program Files na ProgramData ukitafuta folda za zile programu ulizoandika. Usikopi tu ukaondoka. Fungua mafaili matano au sita kutoka kwenye eksteno, tena kwenye kompyuta nyingine, uone kweli yanafunguka.

Ila kuna njia ninayoipenda kuliko hiyo. Mashine nyingi za zamani bado zina diski ya kuzunguka, na hiyo ndiyo inayozifanya zijikokote. Mshauri mteja anunue SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, hata ya GB 256. Ichomoe ile diski ya zamani, iweke pembeni bila kuigusa, kisha mfumo mpya uupige kwenye SSD. Kwa pesa moja amepata kasi ambayo hakuitegemea na bakapu kamili ya maisha yake yote ya nyuma, kila faili mahali pake. Hakuna kilichofutwa. Ukisahau kitu, unachomeka diski kwa waya wa USB unakichukua. Laiti ningelijua hilo Januari ile.

Sasa kuisoma mashine. Jina lililo kwenye kava lisikudanganye, wala ile stika ya Core i5 pembeni ya kibodi, maana Core i5 zipo tangu 2009. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, tazama namba ya prosesa. Kwa Intel, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, ila ikiwa ni 1 soma mbili za kwanza: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8. Kwa AMD usibahatishe kwa namba, nenda kwenye orodha ya Microsoft yenyewe uitafute prosesa kwa jina lake lote. Hapa ndipo HP EliteBook 840 G3 na Dell OptiPlex 7040 zinapokwama, kompyuta imara kabisa zilizotoka kwenye maofisi ya nje zikatufikia kama mtumba. Ni kizazi cha 6. Hazina ubovu wowote, zimeachwa nje ya mstari tu.

Sharti la pili ni TPM 2.0, kichipu cha kutunza funguo za usalama. Andika tpm.msc uone. Wengi wanaoanza wakikuta ujumbe kwamba haipo wanamwambia mteja mashine haifai, na mteja anatoka kwenda kununua nyingine kwa pesa ambayo hakupanga. Ingia BIOS kwanza, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka. Mara nyingi ipo ila imezimwa: kwenye mashine za Intel inaitwa PTT, kwenye AMD inaitwa fTPM. Unaiwasha, unahifadhi, basi.

Ila kabla hujaingia BIOS, simama. Hakikisha diski haijafungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski nzima. Laptop nyingi zikishasajiliwa kwa akaunti ya Microsoft hujifunga zenyewe bila mwenyewe kujua, na ukibadilisha mipangilio ya TPM au Secure Boot (ulinzi unaoukagua mfumo mashine inapowaka), itakapowaka inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kama mteja hakumbuki akaunti yake, mafaili yake yamekwenda, na hakuna fundi wa kuyarudisha. Angalia kwenye mipangilio, ukikuta imefungwa, chukua ule ufunguo uuandike kwenye karatasi au uifungue diski kwanza. Na kile kitufe cha kufuta TPM kilichomo BIOS usikiguse.

Secure Boot nayo imo kwenye masharti, na ina mtego wake. Inataka mashine iwake kwa UEFI, mtindo mpya wa kuwaka, na UEFI inataka diski iwe na mpangilio wa GPT. Kompyuta nyingi za miaka ile zilipigwa Windows kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa MBR. Ukienda BIOS ukageuza kuwa UEFI bila kugeuza diski, skrini itakuambia hakuna cha kuwasha, na mgonjwa wako wa kwanza wa presha atakuwa wewe mwenyewe. Ndani ya Windows 10 kuna zana iitwayo mbr2gpt inayogeuza diski bila kufuta mafaili. Iendeshe hiyo kwanza, ndipo ugeuze BIOS. Bakapu iwe tayari. Nimeitumia mara nyingi haijaniangusha, lakini sijawahi kuithubutu bila bakapu.

Mashine ikikidhi yote, kazi yenyewe ni nyepesi. Kama mfumo uliopo ni mzima, endesha setup ya Windows 11 ukiwa ndani ya Windows 10 na uchague kubakiza mafaili na programu. Windows ya zamani inabaki kwenye folda ya Windows.old, na kwa siku 10 mteja anaweza kurudi nyuma. Mwambie hilo, asije akagundua siku ya kumi na moja kwamba printa yake haielewani na mfumo mpya. Faili la kupakua linazidi GB 5, kwa hiyo lipakue mara moja kwa bando la usiku, liweke kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, ulitumie kwa wateja wote. Lipakue kwenye tovuti ya Microsoft tu. Zile nakala zinazozunguka kwenye flashi za mitaani, ambazo "zimeshawekewa kila kitu", hujui nani ameweka nini ndani yake.

Hapa niseme kuhusu kukraki, yaani kuilazimisha Windows ikubali bila leseni, kwa sababu najua mtaambiwa ndiyo njia ya mkato ya fundi. Programu nyingi za kukraki zinakuomba kitu kimoja kwanza: uzime antivairasi. Unamzimia mteja mlinzi wake kisha unaendesha programu ya mtu usiyemjua, kwenye mashine anayofanyia miamala ya benki. Na mara nyingi huna hata haja. Kompyuta nyingi za mtumba zilitoka maofisini zikiwa na leseni halali ya Windows Pro iliyofungwa kwenye mazabodi, na leseni ya Windows 10 inahamia Windows 11 bila malipo mradi toleo ni lilelile, Pro kwa Pro, Home kwa Home. Nimekuta mafundi wamepiga Home juu ya mashine ya Pro, ikakataa kujisajili, wakakraki, kumbe leseni ilikuwemo muda wote. Kabla hujafomati, tazama kwenye mipangilio toleo gani lipo na kama limesajiliwa. Andika.

Mashine isipokidhi je? Kuna njia za kuruka masharti, zinajulikana, na Windows 11 itawaka. Mimi siwafanyii wateja. Microsoft imesema wazi kwamba mashine zisizokidhi haziahidiwi masasisho, na toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 lilithibitisha hatari hiyo: prosesa za zamani sana kama Core 2 Duo, ambazo watu walizilazimisha matoleo ya mwanzo yakakubali, haziwaki nalo kabisa. Mteja alikuja kutafuta usalama, sasa nimrudishie mashine ambayo siku moja itakataa sasisho akiwa na kazi ya kesho? Kwenye kompyuta yako ya kujifunzia, jaribu upendavyo.

Kwa watu wa nyumbani Microsoft iliacha nafasi ya mwaka mmoja zaidi wa viraka vya Windows 10, hadi 13 Oktoba 2026. Inahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Ni ya kumpa mtu muda wa kujipanga, si zaidi.

Njia ninayoitetea kwa moyo wote ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwa mtu ambaye kazi yake inaruhusu. Toleo la 22 lilitoka 2024 na litahudumiwa hadi 2029. EliteBook ile ya kizazi cha 6, ikiwa na RAM ya GB 8 na SSD, inakwenda nayo vizuri kabisa. Uzuri wake mwingine ni kwamba unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Fanya hivyo mteja akiwa amekaa: jaribuni Wi-Fi, sauti, kamera, printa, modemu ya laini yake. Mfungulie mtihani wake wa Word ndani ya LibreOffice aone kama majedwali yamekaa sawa. Mwalimu mmoja wa sekondari niliyemhamishia Mint alikataa kwanza, kisha akakubali aende na ile flashi nyumbani wiki moja, akarudi mwenyewe akasema piga. Lakini mtu mwenye programu ya hesabu inayoendeshwa kwenye Windows pekee usimpeleke huko. Mama wa kikoba nisingempeleka.

Kwenye RAM, GB 4 inayotajwa kwenye masharti ya Windows 11 inatosha kuwasha tu. Fungua brauza na kurasa sita uone. Lenga 8. Kabla mteja hajatoa pesa, fungua kava uone kwa macho ni DDR3, DDR3L au DDR4, na kama kuna nafasi, kwa sababu laptop nyembamba nyingine RAM imechomelewa kwenye bodi. SSD vilevile: tundu la M.2 lipo la SATA tu na lipo la NVMe, na kwa mbali yanafanana. Ukiwa umeshafungua, safisha feni na badilisha pesti ya kupoza prosesa. Vumbi la barabara zetu linaua mashine nyingi kuliko virusi.

Umeme. Laptop iwe na chaji kamili na waya umechomekwa, kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Kusasisha BIOS ndiko kusikokuwa na msamaha, umeme ukikatika katikati mazabodi inaweza isiwake tena. Kipindi cha mgao wa mwishoni mwa 2023 kazi hiyo niliiahirisha kabisa, wateja wakanuna, na ningeiahirisha tena.

Ukimaliza, usikabidhi mashine kwa mkono mlangoni. Chukua ile karatasi ya mwanzo, mkae tena, afungue kimoja kimoja mlivyoviandika. Achapishe ukurasa mmoja. Printa za zamani ndizo zinazogoma zaidi, na ni bora zigome ukiwepo.

Diski iliyotoka naitia kwenye bahasha ya kaki, naandika jina lake, tarehe na "USIFUTE", namkabidhi akaiweke kabatini miezi mitatu. Wengine watakuachia: "Baki nayo tu fundi, mimi ya nini." Usiiuze ilivyo. Nimewahi kununua diski ya mtumba nikakuta humo picha za harusi ya watu na nakala za vitambulisho vyao. Miezi mitatu ikipita mpigie simu mwenyewe, mkumbushe iliyomo, na akishakuambia futa, ifute yote kwa programu inayoandika juu ya kila sehemu ya diski. Kama ni mbovu haifutiki, itoboe kwa drili.