Dawa ya Nairobi na Moscow Mule kwenye glasi moja: fanya hivi

Watu wengi wakisikia kuchanganya kokteli mbili wanadhani ni kumimina hii juu ya ile basi, toti mbili za huku na toti mbili za kule, sukari juu ya sukari, halafu kinatoka kitu kitamu hadi kinakera na mtu akinywa glasi mbili tu kashalewa hajui hata nini kimempata. Mi huwa nawachanganyia watu vinywaji nyumbani na kwenye shughuli za marafiki, na ninachowaambia kila siku ni hiki: kabla hujafungua chupa angalia hizo kokteli zinafanana wapi, na kile kinachofanana kihesabu mara moja tu.

Chukua dawa, ile kokteli iliyopata umaarufu pale Carnivore, Nairobi, mgahawa uliofunguliwa 1980. Ni vodka, ndimu iliyokatwa na ganda lake, sukari, barafu, na asali imezungushiwa kwenye kijiti cha mbao. Asili yake ni caipirinha ya Brazil, ile pombe yao ya miwa ikatoka ikaingia vodka, asali ikaongezwa. Moscow Mule nayo usidanganyike na jina, ni ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1940. John Martin alikuwa anahangaika kuuza Smirnoff kwa watu wasio na habari na vodka, na Jack Morgan, mwenye baa ya Cock 'n' Bull kule Los Angeles, alikuwa na soda yake kali ya tangawizi anataka itoke. Wakaweka pamoja na ndimu, wakaipa kikombe cha shaba, ikashika.

Sasa angalia, vodka ipo kote, ndimu ipo kote. Kinachobaki tofauti ni asali upande mmoja na tangawizi yenye gesi upande wa pili. Na asali, ndimu na tangawizi si wageni kwa kila mmoja, ndo hivyo hivyo vinavyowekwa kwenye ile dawa ya moto isiyo na pombe wanayouza migahawa ya Nairobi mtu akiwa na mafua. Ndo maana nasema hizi mbili zinaoana. Ungeniambia tuoanishe Moscow Mule na White Russian, kokteli ya vodka yenye krimu, ningekataa palepale, krimu ikikutana na ndimu inakatika, hata uwe fundi vipi.

Mi naifanya dawa iwe mwenyeji na Mule mgeni. Kwa glasi moja fupi nene, chukua ndimu moja, kata vipande vinane, toa mbegu, weka chini ya glasi. Ponda kwa mchi mdogo au kitako cha mwiko, na hapa naomba usikilize vizuri maana ndipo wengi wanapoharibu: unabonyeza na kuzungusha kidogo, mara nne tano, ukisikia ile harufu ya ganda imepanda acha. Ukiendelea kutwanga kama unatwanga kisamvu ile nyama nyeupe ya chini ya ganda inatoa uchungu na huo uchungu hakuna asali itakayouficha.

Sukari achana nayo kabisa. Dawa ya kawaida inataka kijiko cha sukari lakini hapa soda inakuja na sukari yake, na Stoney Tangawizi tunayoipenda wote ni tamu haswa. Kwa hiyo vodka toti moja na nusu, kama mililita 45, usijumlishe za kokteli zote mbili. Barafu vipande vikubwa, siyo ile iliyopondwa ya kwenye dawa, kwa sababu iliyopondwa inayeyuka haraka na ukishaweka na soda unakunywa maji. Halafu soda ya tangawizi iliyo baridi sana mililita 90 hivi, mimina taratibu pembeni ya glasi, gesi isikate, usikoroge kwa fujo.

Ukiona Stoney inakuzidi utamu, changanya nusu yake na nusu klabu soda, yaani maji ya gesi yasiyo na sukari, halafu kwaruza tangawizi mbichi, ikamue kwenye chujio la chai upate kijiko kimoja cha chai, tia. Mi hii ndo naipenda zaidi, inawasha kooni vizuri.

Asali mwisho. Zungusha kijiti kwenye asali nzito mpaka ishike kama kijiko kimoja cha chai, kisimamishe ndani ya glasi na mwachie mnywaji akoroge mwenyewe. Kwenye baridi asali haiyeyuki yote, inajikunja kwenye kijiti inakuwa ngumu kidogo inaachia taratibu, funda la kwanza ni kali na chachu, kadiri unavyokoroga utamu unakuja. Ndo maana nasisitiza glasi, uione. Na kama unataka kikombe cha shaba kwa ajili ya picha nunua chenye stili ndani, ndimu na shaba tupu si vya kukaa pamoja muda mrefu.

Vodka si lazima iwe ya bei mbaya, ndimu na tangawizi zinaifunika, ila iwe halali, kizibo hakijafunguliwa na stempu ya kodi ipo. Pombe feki zimeua na kupofusha watu huku kwetu, hapo sina mchezo. Na kwa vile utamu unaficha ukali, mwenye gari umwambie mapema, mtengenezee hiyohiyo bila vodka uongeze tangawizi, hatajiona ametengwa.

Kama ni watu wengi unataka jagi, asali ya kijiti haitakusaidia. Tengeneza shira: asali na maji ya moto kiasi sawa, koroga ipoe. Kwenye jagi weka ndimu ulizoponda, vodka na hiyo shira, funika weka kwenye friji. Soda na barafu usitie humo hata mtu akikuharakisha, hivyo vinaingia kwenye glasi ya kila mtu wakati wa kumpa.