Jibu: Je, tamthilia za upelelezi huwapotosha wajumbe wa juri?

Dada, umeuliza kama tamthilia za upelelezi zinabadilisha hukumu za juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kule Marekani, na kama sisi Malindi yatuhusu.

Mwaka 2006 jaji Donald Shelton wa jimbo la Michigan, Marekani, aliwahoji watu wapatao 1,000 walioitwa kwenye juri. Asilimia 46 walitarajia ushahidi wa kisayansi katika kila kesi ya jinai. Asilimia 22 walitarajia ushahidi wa DNA (vinasaba) kila mara. Watazamaji wa CSI, tamthilia ya upelelezi wa kimaabara, walitarajia zaidi kuliko wenzao. Lakini kutarajia si kuhukumu! Walipoulizwa kama wangemtia mtu hatiani, katika mifano mingi makundi hayo hayakutofautiana sana. Shelton mwenyewe aliona chanzo ni teknolojia iliyotuzunguka, si kipindi kimoja.

Kwetu Kenya hakuna juri. Hata wazee wa baraza, raia waliokuwa wakimshauri jaji, waliondolewa 2007, kwa hiyo kesi ya mauaji Mahakama Kuu huamuliwa na jaji peke yake.

Wasiwasi wangu mimi ni kwa mashahidi. Jirani yangu mvuvi aliibiwa mashine ya boti, na alimwona mwizi kwa macho yake alfajiri, akiiburura mchangani. Bado hakutaka kwenda polisi. "Hawajapima alama za vidole, nani ataniamini?" Mkononi alikuwa na kipande cha kamba iliyokatwa kwa kisu. Nilimweleza kwamba aliyoyaona ni ushahidi unaokubalika mbele ya hakimu, hata bila maabara. Tukaenda pamoja kuandikisha.