Chensoo ya kuni: baa inchi ngapi, injini cc ngapi?

Maswali haya yametoka kwa watu wanaokata kuni kwa wingi, za kuuza au za taasisi: kwenye mikaratusi ya Mufindi, kwenye miwati ya Njombe, na kwenye mashamba yanayolisha boila za viwanda vya chai Kericho. Mengi yanaanzia dukani, pale mtu anapochagua kwanza urefu wa baa, ule upanga wa chuma ambao cheni huuzunguka, na kuiacha injini, yaani cc zake (ujazo wa silinda), iwe jambo la baadaye.

Nina ekari tatu za mikaratusi karibu na Mafinga. Miti mingi ina unene wa sentimita 20 hadi 35. Muuzaji anasema nichukue baa ya inchi 24 ili nisirudi tena dukani. Nimsikilize?

Usimsikilize. Kwa miti hiyo baa ya inchi 16 inatosha, na inchi 18 inakupa nafasi ya ziada. Inchi 16 ni sentimita 40 hivi, inchi 18 ni 45. Toa sentimita mbili tatu zinazomezwa na meno ya chuma yaliyo mbele ya injini, yale yanayoshika gogo, bado unalipita gogo la 35 kwa mkato mmoja. Likija la sentimita 60 mara moja kwa mwezi, utalikata upande mmoja, uligeuze au uzunguke, umalizie upande wa pili.

Watu wengi hudhani baa ndefu hukata haraka. Gogo la sentimita 30 lina sentimita 30 tu za kuliwa. Meno yanayouma mti kwa wakati mmoja ni yale yale, uwe na baa ya inchi 16 au 24. Urefu uliobaki unazunguka bure, na hata huko bure una gharama. Cheni inasugua baa ndefu zaidi, kwa hiyo sehemu ya nguvu ya injini inaishia kwenye msuguano. Pampu inatakiwa kulainisha njia ndefu kwa oili ile ile. Una meno mengi zaidi ya kunoa. Uzito unahamia mbele, na kiuno chako ndicho kinachoulipa jioni. Baya kuliko yote, ncha ya baa inatokeza upande wa pili wa gogo mahali usipopaona. Huko itagusa udongo, na cheni itapoteza makali papo hapo, au itagusa gogo jingine na mashine itakurushia teke usoni.

Baa ndefu ina haki yake penye miti minene kweli: miembe mizee, migrevilia ya mipakani iliyoachwa miaka mingi, visiki. Mkataji mrefu naye hunufaika kidogo, maana hainami sana anapokatakata magogo yaliyolala chini. Lakini injini iruhusu. Kwa miti migumu tunashauri hivi: cc 45 hadi 55 ibebe inchi 16 au 18, cc 60 ibebe 18 au 20, cc 70 na kuendelea ndiyo ifikirie 24.

Kwa mfano, Stihl MS 250 ina cc 45.4, nguvu ya kW 2.3 na uzito wa kilo 4.6 bila baa wala mafuta. MS 271 ina cc 50.2, kW 2.6 na kilo 5.6. Husqvarna 450 nayo ina cc 50.2. Yoyote kati ya hizi, ikiwa na baa ya inchi 16 au 18, itakufanyia kazi hiyo ya Mafinga. MS 382, yenye cc 72.2 na kW 3.9, ni mashine nzuri sana, ila inamfaa anayeangusha na kupasua miti minene ya mbao. Kwa kuni za sentimita 25 utabeba zaidi ya kilo 6 kutwa nzima na kuchoma petroli bila sababu.

Kuna mashine za Kichina zilizoandikwa 5800, cc 58, baa ya inchi 22, bei chini kabisa. Zina nguvu kweli?

Usiiamini namba ya kwenye kava, piga hesabu. Muulize muuzaji kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni kwa milimita, au soma kijitabu. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 0.785, kisha kwa mwendo wa pistoni, gawa kwa 1,000. Silinda ya milimita 45.2 yenye mwendo wa milimita 34, ambayo ndiyo unayoikuta kwenye nyingi za aina hii, inatoa cc 54.5. Si injini mbaya, lakini si cc 58, na baa ya inchi 22 inaizidi kwenye mti mgumu. Utaona inazama kasi kila ukikandamiza, klachi inateleza na kuchemka.

Tukiulizwa kama inafaa, tunasema inafaa kwa mtu anayekata kuni za nyumbani au za shule siku moja moja, mradi avue baa ya inchi 22 na kuweka ya 18. Faida yake kubwa ni vipuri: kabureta, pistoni, kamba ya kuwashia, vyote ni rahisi kupata na mafundi wengi wameshaizoea. Udhaifu wake ni mpira wa petroli unaopasuka, pampu ya oili ya cheni, na boliti zinazolegea kwa mtetemo. Siku ya kwanza, kabla hujaiwasha, kaza boliti zote za nje, zile za eksozi zaidi. Kwa anayekata kila siku ili kuuza, bei yake ndogo itamezwa na siku za kukaa kwa fundi.

Nimenunua cheni mpya ya inchi 18 kwa ajili ya baa ya inchi 18. Haiingii. Nimeibiwa?

Pengine hapana. Inchi pekee haitoshi kununulia cheni. Unahitaji namba tatu: pichi (nafasi kati ya ribiti za cheni), geji, na idadi ya meno ya chini, yale yanayoingia kwenye mfereji wa baa. Baa za inchi 18 zipo zinazotaka meno ya chini 66, 68, 72 na 74, kulingana na pichi na mtengenezaji.

Pichi unaipima hivi: pima kutoka ribiti moja hadi ya tatu, gawa kwa mbili. Ukipata milimita 8.25 hivi, ni pichi ya inchi .325, ukipata 9.3 hivi, ni ile inayoitwa 3/8. Geji ni unene wa jino la chini, nao ulingane na upana wa mfereji: milimita 1.3, 1.5 au 1.6. Cheni nyembamba kwenye mfereji mpana italala upande na kukata mshazari; nene haitaingia kabisa. Meno ya chini yahesabu moja moja, ukitia alama ya chaki pale unapoanzia. Mara nyingi namba zote tatu zimegongwa kwenye baa yenyewe, karibu na mkia wake. Sugua uchafu uzisome. Kwenye cheni za Stihl, tarakimu iliyogongwa kwenye jino la chini ni ya geji: 3 ni 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni spoketi ya kwenye klachi, lile gurudumu la meno linaloivuta cheni. Nayo ina pichi yake. Ukibadilisha kutoka .325 kwenda 3/8, badilisha spoketi na baa pia. La sivyo cheni itapanda juu ya meno ya spoketi, itanguruma, na itakatika ikiwa bado mpya.

Mashine ina nguvu lakini inatoa unga kama wa kinu, na mkato unapinda kulia. Tatizo ni baa?

Anza na cheni. Cheni kali hutoa vipande. Unga ni dalili ya butu. Mkato unapopinda, hufuata upande ambao meno yake ni makali au marefu zaidi. Kwako, basi, meno ya kushoto yamechoka. Hutokea sana kwa sababu mnoaji ana mkono mmoja wenye nguvu, au kwa sababu upande mmoja uligonga jiwe au msumari.

Tumia tupa ya mviringo ya saizi sahihi: milimita 4.8 kwa pichi ya .325, milimita 5.2 au 5.5 kwa 3/8 ya kawaida, na milimita 4.0 kwa ile 3/8 ndogo ya mashine nyepesi. Bana baa kwenye jiti au kisiki. Sukuma tupa kwenda mbele tu, kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30, au fuata mstari uliochorwa juu ya jino. Tafuta jino fupi kuliko yote uanze nalo, kisha mengine yote yashushwe hadi urefu wake. Mara tatu kwa kila jino hutosha kama unanoa mapema, yaani kila unapojaza tangi moja au mawili. Usingoje hadi utoke unga.

Baada ya kunoa mara nne tano, angalia kile kinundu kilicho mbele ya kila jino. Ndicho kinachopima jino lizame kiasi gani, na kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kikibaki juu, cheni kali kama wembe bado haitakula. Ukikishusha kupita kiasi, mashine itaruka na kukushtua.

Kama meno yote yako sawa na bado inapinda, hapo ndipo ugeukie baa. Isimamishe kwa kingo zake juu ya kioo. Ikiegemea upande mmoja, kingo zimeisha. Sugua ncha kali zilizojitokeza kwa tupa bapa, safisha mfereji kwa kipande cha msumeno wa chuma, na kila unaponoa igeuze juu chini ili ilike sawa pande zote.

Oili chafu ya gari inafaa kulainisha cheni?

Haifai. Ina chembe za chuma zinazokwangua pampu na baa, na inakurukia ngozini kutwa nzima ikiwa na sumu za injini. Oili mpya ya SAE 30 au 40 inafanya kazi. Elekeza ncha ya baa kwenye gogo jeupe, ongeza moto kidogo: usipoona mstari wa matone, tundu la oili kwenye baa limeziba.

Mashine ilikuwa sawa Mombasa. Kericho inatoa moshi, inazima ikiongezwa moto. Fundi anataka kubadilisha pistoni.

Msimamishe kwanza. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na injini hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Hewa ikipungua na petroli ikibaki ile ile, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inalowa na kuwa nyeusi. Safisha chujio la hewa, tupa petroli iliyochanganywa zaidi ya mwezi mmoja uliopita, na pima oili upya: kwa uwiano wa 1:50 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, kwa 1:25 ni mililita 40. Fuata kilichoandikwa kwenye kijitabu; kukisia kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoua pistoni.

Kisha skrubu ya H kwenye kabureta, inayopima petroli ya mwendo wa kasi, ikazwe kuelekea saa, moja ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja, na ujaribu kwenye gogo. Sauti ikianza kuwa nyembamba na kali, umepita, rudisha. Ukishuka tena pwani, ifungue ilivyokuwa kabla ya kuiwasha, maana hewa nzito na petroli kidogo huchemsha silinda hadi pistoni ikwame.

Mkataji wangu ameondoa kinga ya mbele ya mkono, anasema inamzuia. Nimwache?

Hasha. Kinga hiyo ndiyo breki ya cheni. Sehemu ya juu ya ncha ya baa ikigusa kitu, mashine huruka nyuma kuelekea uso kwa kasi asiyoweza kuishinda mtu yeyote. Irudishwe leo, kazi isianze kabla.

Halafu ijaribuni pamoja. Iwekeni mashine chini ikiwa imewaka, breki imefungwa, ongezeni moto kidogo kwa sekunde moja au mbili: cheni isizunguke. Izimeni, achieni breki, ishikeni juu ya kisiki kama sentimita 40, kisha achieni mshikio wa mbele ili ncha ianguke kwenye kisiki: breki ijifunge yenyewe. Isipojifunga, fungueni kava mtoe unga uliogandamana kwenye utepe wa breki. Bado ikigoma, utepe umeisha na unatakiwa mpya.